Rubani wa sebuleni

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 46, mkazi wa Pasiansi hapa Mwanza, na ni mhasibu katika duka la jumla la nyavu na zana za uvuvi. Nina mke na watoto wawili, binti aliye kidato cha tatu na mvulana wa darasa la sita. Tunaishi katika nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili na sebule, na kwa kuwa tuko upande wa kuelekea uwanja wa ndege, ndege zinazokuja kutua hatuzisikii tu bali tunaziona waziwazi. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo chanzo cha yote ninayokuandikia.

Mwaka jana tulinunua kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika, yenye kadi ya grafiki nzuri kiasi, kwa shilingi 700,000. Sehemu kubwa niliitoa mimi, na shilingi 250,000 zilitoka katika mgao wa kikoba cha mke wangu. Nia ilikuwa binti yetu aitumie kwa masomo. Fundi aliyekuja kuweka programu ndiye aliyenionyesha FlightGear, programu ya bure ya kuigiza urubani, ambayo ndani yake dunia imechorwa kwa kufuata vipimo halisi vya milima na maziwa, na viwanja vya ndege vimo, cha kwetu kikiwamo. Shangazi, nilipoiona barabara ya kurukia ya Mwanza mbele yangu, na ziwa kando yake, nilikaa kimya hadi fundi akaniuliza kama naumwa.

Tangu hapo, karibu kila usiku, kuanzia saa tatu hadi saa sita, mimi hurusha ndege. Safari niipendayo ni ya Mwanza hadi Bukoba, kiasi cha kilomita 175, nikikiacha kisiwa cha Kome upande wa kushoto na Ukerewe mbali upande wa kulia. Kwa ndege ndogo aina ya Cessna 172 safari hiyo huchukua takriban saa nzima, na sitaki kuiharakisha. Sishindani na mtu, sipigi risasi, wala sihesabu pointi. Majirani zangu hujaa kwenye kibanda umiza kutazama mpira wa Ulaya, na wengine hawatoki baa. Mimi mpira haunivuti, pombe sinywi, na michezo ya kwenye simu huniumiza macho.

Mke wangu hapendi hata kidogo. Anasema umeme wa LUKU siku hizi unakwisha kabla ya wakati, na bando la intaneti nalo vilevile, kwa kuwa programu hupakua ramani mpya kila ninapoelekea mahali ambapo sijawahi kufika. Anasema pia kwamba yeye angependa kutazama tamthilia anazowekewa kwenye flashi, lakini kila anapotaka kufanya hivyo ananikuta niko juu ya ziwa. Juzi alinijia akasema, “Afadhali ungekuwa unakwenda kwenye bao, ningejua uko na watu.” Neno hilo limenikaa moyoni.

Kaka yake mkubwa, anayeishi Nyegezi na hututembelea Jumapili, amelifanya jambo hili kuwa ajenda. Mbele ya wanangu alisema kwamba mtu mzima kucheza kwenye kompyuta ni utoto, na kwamba hata Shirika la Afya Duniani limeutangaza mchezo wa namna hiyo kuwa ugonjwa. Anataka kompyuta iuzwe.

Ili nisifiche kitu, niseme kwamba kompyuta nimeiwekea nywila ninayoijua peke yangu, kwa sababu mvulana aliwahi kunivurugia mipangilio ya ndege. Binti akitaka kuandika kazi zake husubiri nirudi nimfungulie. Na miezi miwili iliyopita nilinunua fimbo ya kuongozea ndege kwa shilingi 90,000, ambayo mke wangu hajaiona. Naihifadhi kwenye kabati la viatu na kuitoa wakishalala.

Naomba unijibu mambo mawili: je, mtu wa umri wangu akipendelea burudani ya namna hii ana kasoro? Na nifanyeje ili mke wangu aache kunisema?

Rubani wa sebuleni, Pasiansi

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Swali lako la kwanza halihitaji maneno mengi, kwa hiyo nitalimaliza mapema. Huna kasoro. Kompyuta ya nyumbani ina jambo moja ambalo runinga na redio hazina, nalo ni kwamba kila anayeikalia huifanya kuwa chombo kingine. Mmoja hupanga nyimbo za zamani kwa mwaka na kwa bendi na asisikilize hata mmoja. Mwingine hujenga miji, mwingine hucheza chesi dhidi ya programu ambayo anajua fika kwamba haitamwachia ashinde. Mimi mwenyewe hucheza karata za Solitaire, zile zilizokuja na Windows 3.0 mwaka 1990, na nimezicheza katika ofisi tatu tofauti hadi nikastaafu, bila kupata faida yoyote ninayoweza kuitaja. Ukiniuliza kwa nini nazipenda, nitakujibu kwamba karata zikikaa sawa moyo wangu nao hukaa sawa, na jibu hilo halimshawishi mtu asiyezipenda. Wewe unakaa na hesabu za nyavu mchana kutwa, na jioni unataka mahali penye upana na ukimya. Sioni ajabu kwamba umepapata juu ya ziwa.

Kwa sababu hiyohiyo, sitakushauri umketishe mkeo kando yako umwonyeshe Ukerewe kutoka angani, ingawa najua wapo watakaokushauri hivyo. Mwonyeshe siku akikuomba. Mwanamke aliyetaka kutazama tamthilia akapewa safari ya saa nzima hadi Bukoba hajashirikishwa burudani, bali ameongezewa kazi ya kuvumilia. Hamlazimiki kupenda kitu kimoja ndipo mkae nyumba moja kwa amani.

Sasa nirudi kwenye neno lililokukaa moyoni, maana nadhani umelisikia vibaya. Umelichukua kama dharau, kwamba bao ni bora kuliko ndege zako. Mimi nalisoma kwa namna nyingine. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na mtu aliyezama ndani yake anaweza kukaa kwenye benchi tangu baada ya chakula cha mchana hadi giza liingie. Mwalimu Nyerere mwenyewe alijulikana kwa kulipenda, na sijasikia aliyemwita mtoto kwa ajili hiyo. Kwa saa tu, bao hula muda mwingi kuliko kompyuta yako. Lakini liangalie linavyochezwa. Linachezwa barazani au chini ya mti, mahali ambapo mtoto akitumwa kumwita baba yake anamwona tangu mbali. Wapita njia husalimia na kujibiwa, na anayechelewa kucheza zamu yake huzomewa. Aidha jua likizama mchezo hukoma wenyewe, kwa sababu kete hazionekani tena. Kwa hiyo bao limezungukwa na mipaka ambayo mchezaji hakuiweka yeye: mwanga, watu, na uwezekano wa kuitwa.

Kompyuta yako haina hata mmoja kati ya mipaka hiyo. Ndani ya programu unaweza kuamua iwe asubuhi wakati Pasiansi ni usiku wa manane, na hakuna mpita njia atakayekusalimia ukiwa futi elfu tano juu ya maji. Mkeo aliposema angejua uko na watu, hakukuomba uache kucheza. Alikuwa anakueleza kwamba kwa saa tatu kila usiku hajui pa kukupata, ingawa umeketi hatua nne kutoka alipo. Mipaka ambayo bao linapewa bure, wewe utalazimika kuiweka kwa mikono yako.

Hapa ndipo ninapofika kwenye mambo mawili uliyoyaweka mwishoni mwa barua, kwa sentensi nne, kana kwamba ni madogo. Barua yako nzima inahusu mapenzi yako ya ndege, na ndiyo sehemu isiyonipa wasiwasi. Wasiwasi wangu uko kwenye nywila na kwenye kabati la viatu.

Kompyuta hiyo ilinunuliwa kwa ajili ya masomo ya binti, na zaidi ya theluthi moja ya bei yake ilitoka kwenye kikoba cha mama yake. Nadhani unajua fedha ya kikoba hupatikanaje: hisa kila wiki, faini ukichelewa, na mwaka mzima wa kungoja mgao. Mke aliyetoa shilingi 250,000 za namna hiyo, kisha akaona binti yake anangoja baba arudi ndipo afunguliwe mashine, hana haja ya kuichukia FlightGear ili akasirike. Angekasirika hata kama usiku kucha ungekuwa unasoma ensaiklopidia. Umechukua kitu cha watu wanne ukakitia kufuli la mtu mmoja, halafu unauliza utafanyaje ili usisemwe.

Kuhusu mvulana kuvuruga mipangilio, hilo ni kweli na lina dawa yake. Windows huruhusu kila mtu katika nyumba awe na akaunti yake, yenye nywila yake na mafaili yake. Fungua nne. Ya kwako na ya mkeo ziwe na mamlaka kamili, za watoto ziwe za kawaida, ili mvulana asiweze kuondoa programu wala kugusa folda zako. Kazi hiyo haizidi nusu saa, na fundi akiifanya asikutoze bei ya kununua kompyuta nyingine. Kuanzia siku hiyo binti ataingia saa anayohitaji, na ndege yako utaikuta pale ulipoiacha.

Nije kwenye umeme, kwa kuwa mkeo ametoa dai linalopimika, na wewe ni mhasibu, kwa hiyo sikuelewa kwa nini hukulipima. Kompyuta ya mezani yenye kadi ya grafiki, pamoja na skrini yake, inapochora milima na mawingu inaweza kutumia kiasi cha wati 250, wakati ikitumika kuandika barua tu huenda isifike hata wati 100. Tuchukue hizo 250. Kwa saa tatu ni uniti 0.75, na kwa usiku 30 ni uniti 22.5. Pasi ya wati 1,000 ikitumika nusu saa inakula uniti 0.5, kwa hiyo kila usiku wako wa urubani unazidi nguo za familia nzima kunyooshwa. Makadirio yangu yanaweza kuwa juu au chini kulingana na mashine yenyewe, lakini mita yenu haikadirii. Chagua usiku mmoja, zima kila kitu kingine kwa muda huo, andika uniti zilizobaki kabla ya kuwasha na baada ya kuzima, na ufanye hivyo mkeo akiona. Ukikuta amesema kweli, mwambie hivyo.

Matumizi hayo yanaweza kupunguzwa bila kuacha kuruka. Ndani ya programu kuna mahali pa kuweka kikomo cha idadi ya picha zinazochorwa kwa sekunde. Ikiachwa huru, kadi ya grafiki hufanya kazi kwa nguvu zake zote hata pale ambapo jicho halioni tofauti. Ukiiwekea kikomo cha picha 30, ambazo kwa ndege inayokwenda taratibu zinatosha kabisa, joto litapungua na umeme pia. Ramani nazo, ukishazipakua, hukaa ndani ya kompyuta. Eneo la ziwa unalo tayari, na kwa kuwa safari yako pendwa ni ileile, unaweza kuzima upakuaji ukaruka bila intaneti. Ukitamani kwenda kuiona Nairobi au Kilimanjaro, nunua bando kwa fedha yako ya mfukoni na usiguse la nyumba.

Kuhusu tamthilia nitasema machache. Runinga nyingi za siku hizi zina tundu la flashi kwa nyuma au ubavuni. Chunguzeni yenu. Faili lisipofunguka, mara nyingi ni kwa sababu ya aina yake, na anayemwekea mkeo tamthilia anaweza kulibadilisha kabla ya kuliweka. Runinga ikikataa kabisa, basi kompyuta ni yake kwa usiku aliouchagua, na usiku huo wewe usisimame mlangoni kama abiria aliyeachwa na meli. Nunua pia vipokea sauti vya kawaida, kwa sababu injini ya Cessna katika sebule ndogo saa tano za usiku si burudani ya mtu mwingine yeyote.

Kisha mkae mpange saa. Mimi ningependekeza usiku tatu kwa wiki, Ijumaa na Jumamosi zikiwa miongoni mwake, na kila usiku uwe na safari moja ya kwenda au mbili fupi, siyo muda usio na mwisho. Rubani wa kweli huandika mpango wa safari kabla hajaondoka, kwa hiyo nawe andika wako kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, wenye saa ya kuruka na saa ya kutua. Binti akiwa na mitihani, yeye kwanza. Lakini hizo ni siku zangu, na nyumba ni yenu. Mkeo akisema usiku nne nitafurahi, akisema mbili utaanza na mbili.

Shemeji yako ametaja Shirika la Afya Duniani, na hakukosea kabisa, ila alinukuu nusu. Katika toleo la 11 la orodha ya magonjwa ya shirika hilo, lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, limo tatizo la uchezaji wa michezo ya kidijitali. Halipimwi kwa umri wa mchezaji wala kwa idadi ya saa peke yake. Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine ya maisha yake, na kuendelea nao ingawa anaona unamharibia, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu angalau miezi 12 na kumletea madhara makubwa katika familia, kazi au masomo. Katika barua yako sioni mtu aliyeacha kwenda kazini au kulisha watoto wake. Naona mtu anayeficha kitu, na hilo lina dawa nyepesi zaidi. Hata hivyo, mkishapanga siku zenu na ukajikuta kila mara unashindwa kuzifuata, basi nenda ukazungumze na daktari, na usione haya.

Kuhusu kuuza kompyuta, shemeji hana kura. Mpokee Jumapili kama kawaida, mpe chai, na akianza tena mbele ya watoto mwambie kwa heshima kwamba jambo hilo wewe na dada yake mmeshalimaliza. Ila usilitamke neno hilo kabla halijawa kweli.

Kwa hiyo usianze na ratiba wala na mita. Anza na kabati la viatu. Usingoje wakalale; itoe ile fimbo mchana, iweke mezani mbele ya mkeo, umtajie bei yake yote shilingi 90,000 bila kuipunguza, na umweleze utazirudishaje kwenye fedha za nyumba na kwa miezi mingapi. Akikasirika, mwache akasirike, kwa maana ana haki hiyo na imechelewa miezi miwili. Akimaliza, mpe kalamu aandike nywila yake mwenyewe.

Shangazi